Jinsi programu za kuandika nota zinavyosoma umbali wa sauti ndani ya kodi

Walimu wengi wa kwaya wa Mtwara na Lindi, kuanzia Masasi na Newala hadi Nachingwea, siku hizi huandika nyimbo zao kwa kompyuta, wakazichapisha steshenari au wakazituma kwa WhatsApp kabla ya mazoezi ya jioni. Kazi imekuwa nyepesi kuliko enzi za kalamu na rula, ila kuna swali linalojirudia miongoni mwao: inakuwaje wimbo unaosikika vizuri kabisa kwenye spika za kompyuta, ukishushwa nusu toni tu (kibao kimoja cha kinanda), utoke na alama zisizosomeka, au kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, ambayo kila mpiga kinanda anaifahamu, ipewe na programu jina la ajabu? Chanzo ni kwamba programu haisikii muziki. Inahesabu, na hesabu yake inaanzia kwenye majina ya nota kabla ya kufika kwenye sauti zake.

Umbali kati ya nota mbili hupimwa kwa vipimo viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni idadi ya herufi: kutoka C hadi E tunapita C, D na E, yaani herufi 3, kwa hiyo huo ni umbali wa tatu. Cha pili ni idadi ya nusu toni: kutoka C hadi E ni nusu toni 4, kwa hiyo umbali huo wa tatu ni mkubwa. Tukiishusha E nusu toni ikawa E flati, herufi zinabaki 3 lakini nusu toni zinakuwa 3, na umbali unakuwa wa tatu mdogo. Sasa chukua C na D shapu, yaani D iliyopandishwa nusu toni. Kwenye kinanda kidole kinabonyeza kibao kilekile cheusi kilichobonyezwa kwa E flati, na nusu toni ni zilezile 3, lakini herufi ni 2 tu, C na D. Huu ni umbali wa pili uliozidi, na kwa programu hauna undugu wowote na umbali wa tatu mdogo.

Tofauti hiyo huonekana kwanza kwenye karatasi. Kodi ya C ndogo ikiandikwa C, E flati, G, vichwa vya nota vinakaa mstari, mstari, mstari, kimoja juu ya kingine, na msomaji anaitambua kabla hata hajasoma jina la nota yoyote. Ikiandikwa C, D shapu, G, programu inakuta C na D ni majirani ambao hawawezi kukaa wima upande mmoja, kwa hiyo inakisukuma kichwa cha D upande wa pili wa kijiti, na juu yake linabaki pengo kubwa hadi G. Sauti haijabadilika hata chembe, lakini mpiga kinanda anayesoma mara ya kwanza atasita hapo, kwa sababu umbo alilolizoea halipo.

Kosa hili mara nyingi huingia kupitia kinanda chenyewe. Vinanda vya umeme huzungumza na kompyuta kwa mfumo wa MIDI, uliotoka mwaka 1983, ambao kila kibao umekipa namba: C ya katikati ni 60, na kila nusu toni huongeza 1, hivyo A ya hertzi 440 ni 69. Ukibonyeza kibao, kompyuta hupokea namba hiyo pamoja na nguvu ya mbonyezo, basi. Jina la nota halimo. Ni sawa na simu inayoita ikionyesha namba isiyohifadhiwa jina: unajua kuna mtu, lakini hujui ni nani. Programu inalazimika kukisia, na kigezo chake kikuu ni alama za ufunguo zilizo mwanzoni mwa mistari. Kwenye wimbo wa ufunguo wa G, namba 66 itaandikwa F shapu, na kwenye ufunguo wa D flati namba hiyohiyo itaandikwa G flati. Hapo makisio ni salama. Hatari iko kwenye nota zilizo nje ya ufunguo, ambazo ndizo hasa mtunzi huziweka ili kuipa kodi rangi.

Anayeandika kwa kibodi ya kompyuta bila kinanda hajaepuka jambo hili. Katika MuseScore, programu ya bure inayotumiwa na wengi, mshale wa juu hupandisha nota nusu toni, na kwenye wimbo wa C hiyo huandikwa kwa shapu. Mshale wa chini huishusha, na huandikwa kwa flati. Kwa hiyo aliyeweka D akaipandisha kwa mshale atapata D shapu, na aliyeweka E akaishusha atapata E flati. Njia mbili zinafika kwenye sauti moja na kuacha majina mawili tofauti ndani ya faili.

Mwanakwaya aliyelelewa na solfa, yaani uimbaji wa do, re, mi, ana faida kubwa katika jambo hili, na ninaona walimu hawaitumii inavyostahili. Mfumo huo, uliokuzwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na kuenezwa na wamisionari, hautoi majina ya nota kiholela. Fa ikipandishwa huitwa fe, so ikipandishwa huitwa se, na ti ikishushwa huitwa ta. Jina lenyewe linasimulia nota imetoka wapi na inakwenda wapi: fe huvutwa kwenda so, se huvutwa kwenda la, na ta huelekea kushuka la. Shapu na flati kwenye mistari mitano hufanya kazi hiyohiyo, na programu huzichukulia kwa uzito huohuo.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Wimbo wa huzuni uko kwenye la ndogo, do ikiwa C, na sauti ya alto inaimba la, se, la, juu ya besi inayokwenda la, mi, la. Katikati kuna kodi ya mi, se, ti, ambayo kwa herufi ni E, G shapu, B. Mwandishi akiacha programu iweke A flati mahali pa G shapu, alto itaandikwa A, A flati, A, nota tatu zilizokaa mahali pamoja kwenye mistari, ya pili ikiwa na flati na ya tatu ikihitaji alama ya kuifuta flati hiyo. Mwimbaji haoni mwendo wowote. Anaona nota moja inayobadilishwa alama. Angeandikiwa G shapu, angeona sauti ikishuka hatua moja na kurudi. Upande wa kodi mambo ni mabaya zaidi: kutoka E hadi A flati ni herufi 4, E, F, G, A, kwa hiyo programu inausoma umbali huo kuwa wa nne uliopunguzwa, ingawa nusu toni ni 4 kama umbali wa tatu mkubwa. Kodi kubwa ya E imepoteza nota yake ya tatu, yaani nota inayoifanya iitwe kubwa.

Kwa nini hatusikii kosa hilo tunapoucheza wimbo kwenye kompyuta? Kwa sababu programu, kwa kawaida, hucheza oktava (umbali kutoka C hadi C inayofuata) iliyogawanywa katika nusu toni 12 zinazolingana kabisa, na katika mgawanyo huo G shapu na A flati ni sauti moja. Kusikiliza kwenye spika kunaweza kufichua nota iliyokosewa, lakini hakuwezi kufichua jina lililokosewa. Waimbaji hai hawafanyi hivyo. Kwaya iliyozoeana huimba umbali wa tatu mkubwa ikiwa imeushusha kidogo, karibu senti 386 badala ya 400 za kinanda (nusu toni moja ya kinanda ni senti 100), na ili waimbaji wafanye hivyo lazima kwanza waelewe kwamba nota waliyonayo ni ya tatu ya kodi. Karatasi inayowaambia kwamba ni ya nne inawapotosha.

Sasa tuingie ndani ya hesabu yenyewe, kwa maana hapo ndipo mambo yote hukutana. Njia mojawapo ya kuhifadhi majina ni kuyapanga kwenye mnyororo wa umbali wa tano: F, C, G, D, A, E, B, kisha kulia kwake F shapu, C shapu, G shapu na kuendelea, na kushoto kwake B flati, E flati, A flati na kuendelea. Tuipe C namba 0. G itakuwa 1, D 2, A 3, E 4, B 5, F shapu 6, C shapu 7, G shapu 8, D shapu 9. Upande wa kushoto F ni −1, B flati −2, E flati −3, A flati −4, D flati −5. MuseScore hutumia mnyororo huu, ila huanza kuhesabu mbali zaidi kushoto, kwa hiyo C yake ni 14, na majina yote 35 kuanzia F yenye flati mbili hadi B yenye shapu mbili yana namba yake.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kila umbali hugeuka kuwa tofauti ya namba mbili. Umbali wa tatu mkubwa ni +4 popote ulipo: C hadi E ni kutoka 0 hadi 4, na D hadi F shapu ni kutoka 2 hadi 6. Umbali wa tatu mdogo ni −3. Umbali wa tano kamili ni +1. Na C hadi D shapu, ule umbali wa pili uliozidi, ni +9, ambao hauwezi kuchanganywa na −3 hata kama vidole vinagusa kibao kimoja. Majina mawili ya sauti moja hupishana kwa 12 kwenye mnyororo, au mara chache kwa 24.

Kuhamisha ufunguo basi ni kujumlisha. Wimbo wetu wa la ndogo, yaani A ndogo, ukipandishwa umbali wa nne kamili kwenda D ndogo, kila jina hupunguzwa 1. G shapu yenye 8 inakuwa 7, ambayo ni C shapu, nota sahihi kabisa ya kodi ya A, C shapu, E. Iliyoandikwa A flati yenye −4 inakuwa −5, D flati, na kodi inakuwa A, D flati, E. Programu haikukosea popote. Imebeba kosa la mwanzo kwa uaminifu mkubwa hadi ufunguo mpya.

Hapo ndipo pia linapopatikana jibu la wimbo ulioshushwa nusu toni. Tuseme wimbo uko ufunguo wa E wenye shapu 4, waimbaji wa sauti ya tena wanalalamika kwamba uko juu, na mwalimu anataka kuushusha kibao kimoja. Dirisha la kuhamisha la MuseScore linampa uchaguzi wa umbali, na ndani yake kuna majina mawili ya nusu toni: umbali wa pili mdogo, na umbali wa kwanza uliozidi. Ukishuka kwa umbali wa kwanza uliozidi herufi haibadiliki: E inakuwa E flati, yaani 4 kutoa 7, sawa na −3, ufunguo wenye flati 3 ambao kila mpiga kinanda anaujua. Ukishuka kwa umbali wa pili mdogo herufi lazima ibadilike: E inakuwa D shapu, 4 kujumlisha 5, sawa na 9, ufunguo ambao ungehitaji shapu 9, baadhi yake zikiwa shapu mbilimbili kwenye nota moja. Programu zinaweza kugundua hali hiyo na kubadili majina ili ufunguo uwe mwepesi, lakini kila zinapofanya hivyo zinakisia upya nota zilizo nje ya ufunguo. Ni afadhali mno kuichagulia programu ufunguo wa kufikia, E flati, kuliko kuchagua umbali bila kuutafakari.

Tukija kwenye utambuzi wa kodi, ni vema kufahamu kwamba ndani ya faili la sauti nne kodi haipo kama kitu. Kuna nota za soprano, alto, tena na besi, kila moja kwenye sauti yake. Chombo cha kutambua kodi hulazimika kukata wimbo wima, kukusanya nota zinazolia kwa wakati mmoja, kuondoa zinazojirudia, kisha kujaribu kila iliyobaki kuwa nota ya msingi mpaka ipatikane ile inayoruhusu nyingine zipangike herufi moja ikirukwa: C, E, G au G, B, D, F. Majina yakiwa sahihi, kazi hii ni nyepesi. Yakiwa ovyo, E, A flati, B hazipangiki kwa mruko wowote, na chombo hutoa jina la kubahatisha au hukaa kimya.

Zipo kodi ambazo bila majina haiwezekani kabisa kujua msingi wake. Kodi ya saba iliyopunguzwa hugawanya oktava katika sehemu nne sawa za nusu toni 3, kwa hiyo kwa namba tupu kila nota yake inaweza kuwa ya msingi. Ikiandikwa B, D, F, A flati, msingi ni B na kodi inaelekea C. Ikiandikwa G shapu, B, D, F, msingi ni G shapu na kodi inaelekea A. Vibao ni vilevile vinne. Vivyo hivyo C, E, G, B flati hutegemewa kwenda F, B flati ikishuka A, ilhali C, E, G, A shapu huelekea kodi ya E, A shapu ikipanda B. Mtunzi anayejua wimbo wake unakwenda wapi ndiye pekee anayeweza kuamua, na uamuzi wake lazima auandike, kwa kuwa sauti haiwezi kuusema.

Alama za kodi zinazoandikwa juu ya mistari kwa ajili ya gita na kinanda zina sheria nyingine. Hapa programu inasoma maandishi, herufi baada ya herufi, na kuyageuza kuwa umbali kutoka nota ya msingi. Sheria iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya namba isiyo na alama: 9 na 13 ni kubwa, 11 ni kamili, lakini 7 ni ndogo. C7 ni C, E, G, B flati, hata kama wimbo uko ufunguo wa C ambao B yake haina flati, jambo linalowashangaza wengi. Mantiki yake iko kwenye kodi ya so, iliyozoeleka kuliko nyingine zote zenye saba: so, ti, re, fa, na kutoka so hadi fa ni umbali wa saba mdogo. Ukitaka saba kubwa lazima useme, kwa Cmaj7 au CM7, na hapo herufi kubwa na ndogo zina uzito, kwani Cm7 ni kodi nyingine kabisa. Alama m hushusha nota ya tatu peke yake. Dim hushusha ya tatu na ya tano, na ikifuatwa na 7 huishusha saba nayo mara mbili kutoka saba kubwa, ndiyo maana programu ikiombwa kuiandika Cdim7 kwa nota huweka B yenye flati mbili mahali ambapo mpiga kinanda angeandika A.

Kusoma herufi baada ya herufi kuna mitego yake. Mtu akiandika Cb9 akimaanisha kodi ya C yenye tisa iliyoshushwa, programu huikuta C ikifuatwa na b, alama ya flati, na kuisoma C flati yenye 9, kodi isiyoshirikiana nota hata moja na C kubwa. Dawa ni kuandika C7b9 au C(b9). Mkwaju (/) nao una maana mbili: C/E ni kodi ya C yenye E kwenye besi, lakini C6/9 haina besi yoyote ya pekee. Kisha kuna majina ya Kijerumani, yasiyo mageni sana katika eneo lenye misheni kama Ndanda, iliyofunguliwa mwaka 1906 na Wabenedikto kutoka Ujerumani. Katika vitabu vya Kijerumani B ni B flati, na B yetu huitwa H. MuseScore ina mpangilio wa kusoma majina kwa namna hiyo, na ukiwashwa bila mtumiaji kujua, B7 yake italia B flati, D, F, A flati. Na aliyeandika kodi zake kama maandishi ya kawaida, si kama alama za kodi, ajue kwamba hazitasomwa kabisa. Wimbo ukihamishwa, nota zitahama na kodi zitabaki zilipo.

Suala la kuhamisha mafaili limepata uzito tangu Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilipotangaza kusitisha uendelezaji wa Finale, programu iliyoandikiwa nyimbo nyingi za kwaya kwa miaka mingi. Mwenye kazi zake humo anapaswa kuzitoa kwa MusicXML, muundo wa mafaili ya nota uliotoka mwaka 2004, wala si kwa MIDI. MusicXML huhifadhi herufi, kiasi cha kupandishwa au kushushwa, na oktava, kila kimoja mahali pake, hivyo G shapu hufika ikiwa G shapu. Alama za kodi nazo husafiri kwa vipande: nota ya msingi, aina ya kodi, besi, na nota zilizoongezwa, kubadilishwa au kuondolewa. Nota iliyoongezwa hupimwa kwa kuilinganisha na kodi ya saba ya kawaida, ile ya so, ti, re, fa, kwa hiyo saba iliyoongezwa bila mabadiliko husomwa kuwa ndogo huko pia.

Lakini MusicXML husafirisha makosa kwa uangalifu uleule. A flati iliyowekwa mahali pa G shapu itafika ikiwa A flati, na programu mpya haitakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Katika MuseScore herufi J kwenye kibodi hubadilisha jina la nota iliyochaguliwa bila kugusa sauti yake, na ipo pia amri ya kubadili majina ya wimbo mzima kwa mkupuo, ambayo nayo hukisia. Kwa kodi chache zenye alama nje ya ufunguo, ambazo kwenye wimbo wa kawaida wa kwaya huhesabika kwa vidole, kuzipitia moja moja kwa J kabla ya kutoa faili kunatosha.